Kilicholiwa na Sementi

Nauza mabati. Nauza na sementi, misumari, nondo, skrubu, bawaba, kofuli, na vile vipira vyeusi vya kuzuia maji kwenye msumari wa bati, ambavyo hakuna mteja anayetaka kuvilipia. Duka langu liko mjini Morogoro. Mlima uko nyuma yake siku zote, ila mimi hukaa nimeupa mgongo. Kila asubuhi huja mtu mzima na ndevu zake, ananiambia, "Nataka bati." Namuuliza geji ngapi. Ananitazama kama nimemtukana mama yake. "Bati si bati tu, dada?" Haya. Bati la geji thelathini na mbili ukilishika upande mmoja linajikunja lenyewe katikati, la ishirini na nane linasimama. Jua likipanda bati linatanuka na kuvuta misumari, jioni linasinyaa na kuisukuma. Miaka michache ya vuta nikuvute hiyo, tundu la msumari limekuwa kubwa kuliko msumari, na mvua ya kwanza yule bwana anarudi dukani kunigombeza mbele ya wateja. Siwaonei huruma watu wa namna hiyo.

Niliwahi kuwa mtu wa namna hiyo mwenyewe, tena nikiwa na duka tayari.

Kwetu ni Mgeta, juu kabisa, kule ambako kabichi hushuka mlimani vichwani mwa watu mpaka kwenye malori. Baba hakuzaliwa kule. Ni mtu wa Mlali, chini, kwenye joto, na alipanda mlima kwa ajili ya mama. Kwetu ardhi hufuata mwanamke. Shamba ni la ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume akioa hujenga kwenye ardhi ya mkewe, akalima hapo, akazeeka hapo. Mkewe akitangulia kufa, wenye ardhi wanakaa na kuamua kama bado wanamtaka. Wakimtaka, anabaki. Wasipomtaka, anaondoka na kile anachoweza kubeba. Kisichobebeka kimekuwa ardhi, na ardhi ina wenyewe. Siku hizi koo nyingi zimeliacha jambo hili, zinaona aibu. Mjomba wangu, kaka yake mama, yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, naye haoni aibu.

Baba alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akajenga kwa akili hiyo. Alikuwa mkulima kama wanaume wengine wa kule, ila mkono wake ulijua mbao. Mlango wetu aliuchonga mwenyewe, wa mninga, mzito kiasi kwamba nikiwa mdogo niliufungua kwa kuusukuma na bega. Fremu yake ilishikwa na skrubu kwenye nguzo mbili, na bisibisi ilikaa juu ya mtambaapanya ambako yeye peke yake angeifikia. Madirisha yalikuwa hivyohivyo. Mabati yalikuwa kumi na sita, mazito, ya zamani, ya aina ambayo leo hata kwa kuagiza siyapati. Kila msumari aliukatia kipande cha ndala iliyochakaa, akakiweka chini ya kichwa chake, akaugonga mpaka ukaibana ndala, basi. Hakuushindilia. Mchana mabati yakipata jua yalitanuka yakalia, ka, ka, na wageni waliinua macho wakidhani kuna mtu juu ya paa.

Kuta ndizo hakuzihangaikia. Zilikuwa za miti na udongo, na udongo tulichimba palepale nyuma ya nyumba. Kila mwaka baada ya mvua mama aliloweka udongo mwingine, akachanganya na majivu, akatukandikia ukuta upya kwa kiganja. Ulikuwa ukuta mzuri. Ukungu wa kule ukiingia ndani, ukuta uliunywa, na siku ya jua uliutema. Lakini hakuna anayeuhamisha. Ukiutoa ukutani ni matope tu, na matope yako popote. Baba hakupoteza hata msumari mmoja kwenye kitu asichoweza kuondoka nacho.

Nakumbuka nilimuuliza siku moja, yuko juu ya ngazi anabadilisha ndala zilizoliwa na jua, kwa nini haigongi misumari ikaingia yote kama watu wengine. Watoto wa jirani walikuwa wananicheka kwamba paa letu linapiga makofi.

"Msumari ukiufukia," aliniambia, "siku ya kuutoa utatoka na nyama."

"Kwani tutautoa lini?"

Alinyoosha mkono nimpe ndala nyingine, nikampa.

Nilikua, nikashuka mjini, nikaolewa, nikaachika, nikauza mchele, kisha nikauza misumari kwa kipimo kwenye meza ya barabarani, mwisho nikapata fremu ya duka. Sikusaidiwa na mtu na nataka hilo lieleweke. Nilipoanza kupokea mifuko ya sementi kwa lori, nilijiona nimefika. Hapo ndipo mjomba alipoanza kuja dukani. Alikuwa anashuka na kabichi zake, akimaliza sokoni anapita kwangu, ananyweshwa chai, anatazama mifuko iliyopangwa mpaka darini.

Mjomba hajawahi kupaza sauti. Watu wanaopaza sauti nawaweza, nashinda nao. Yeye alikuwa anaongea kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mpwa wangu anauza sementi," alisema siku moja, akipuliza chai, "na dada yangu analala kwenye udongo. Watu wanauliza. Mimi nakosa jibu."

Ilinichoma pale alipotaka inichome. Mama alikuwa na magoti mabovu wakati huo. Kuinama kukandika ukuta kulimtoa machozi, na vumbi la sakafu lilimkohoza. Nilisema nitamjengea nyumba. Mjomba aliweka kikombe chini, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea baraka. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na mimi nilidhani ananichezea mimi ile ngoma.

Baba nilimwambia kwa simu. Alisema, "Mwanangu, mjengee mama yako. Ila mimi usinipe kitu nisichoweza kubeba."

Nilikasirika. Niliona amenidharau mimi na duka langu, kwamba mwanawe wa kike ametoka kwenye kuuza misumari kwa kopo mpaka kwenye sementi ya lori zima, na yeye anazungumza habari za kubeba. Nilimwambia, "Baba, wewe hata ukipewa hushukuru." Nilimwambia hivyo baba yangu mzazi. Alisema, "Haya," akakata simu. Angeweza kunieleza waziwazi. Angeweza kusema, mjomba wako ananisubiri. Hakusema, kwa sababu kumsema vibaya mjomba mbele ya mpwa wake ni kosa kubwa, na yeye hakutaka kuwa mtu wa kuja aliyewagombanisha watu wa damu moja. Nilimlaumu sana kwa huo ustaarabu wake, na bado namlaumu.

Malori yanayoteremsha kabichi hupanda matupu, hivyo sementi ilipanda nayo mpaka lori linapokomea, na kutoka pale ilibebwa kwa vichwa. Mjomba alileta watu. Mwenyewe alibeba mfuko begani, mzee mzima, akipumua kwa kinywa kwenye ule mwinuko, nikasema moyoni, kweli mjomba ni mama wa kiume. Haraka ilikuwa lazima. Sementi juu kule haiwekwi. Ule ukungu unapenya karatasi, ukiuacha mfuko wiki mbili unakuta jiwe lenye umbo la mfuko.

Tulitumia matofali ya kuchoma. Tukamwaga lenta juu ya kuta, nondo ndani yake, na fundi akaacha vyuma vimechomoza ili kenchi za paa zifungwe navyo, kwa sababu upepo wa Mgeta una adabu mbaya. Nilisimamia mwenyewe. Nilipiga lipu nje na ndani. Na kwa kuwa mninga kama ule haupatikani, na mabati kama yale hayapatikani, nikasema vitu vya baba viingie kwenye nyumba mpya. Niliona ni heshima. Fremu ya mlango tukaipigilia vyuma pembeni na kuijengea ndani ya tofali, sementi ikajaa kila pengo. Madirisha hivyohivyo. Mabati kumi na sita yakapanda juu, na misumari nilileta mimi kutoka dukani, ile iliyosokotwa shingo, inayoingia kwenye mbao kama skrubu na haitoki. Nikampa fundi na vile vipira vyeusi. Nilimwambia, "Gonga mpaka mwisho." Aligonga mpaka mwisho.

Baba alikuwa amekaa kwenye rundo la matofali yaliyobaki. Kila msumari ulipoingia, nilimwona anafumba macho kidogo. Nilidhani ni kelele.

Nimeyawaza sana baadaye, nikiwa dukani sina mteja. Udongo ukiupa maji unalegea, unaweza kuuomba ukae hivi, kesho ukae vile. Sementi ukiipa maji inakupa saa chache za kubadili mawazo, basi. Maji ni yaleyale, yametoka mfereji mmoja. Mimi nilikuwa nayajua hayo yote. Ningeweza kumwambia mteja yeyote mchanga kiasi gani, maji ndoo ngapi, imwagiliwe siku ngapi ndipo ikomae. Sikujua tu kwamba mtu anaweza kuipenda nyumba yake kwa sababu inalegea.

Mama aliipenda ile nyumba, sitasema uongo. Siku sakafu ilipomwagwa, kuku wake mmoja, mweupe, alikatiza pale mlangoni ikiwa bado mbichi, akaacha nyayo sita. Fundi akainama na mwiko azifute. Mama akamzuia, anacheka mpaka anashika mbavu. "Mwache, naye ameweka sahihi." Zikakauka hivyo. Alifagia hiyo sakafu mwaka mzima na miezi kadhaa akiwa amesimama wima, hakuinama tena kukandika kitu. Kuhusu baba hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hakika kwamba baba atatangulia, kwa kuwa kwao aliona wanaume wote wakitangulia na wake zao wakibaki. Alipanga mambo yake kwa hesabu hiyo.

Akatangulia yeye. Alianza na homa, wakasema ni kifua, tukamteremsha hospitalini mjini, na siku ya tatu tukampandisha akiwa ndani ya sanduku.

Siku ya kuanua tanga, baada ya padri kuondoka na watu kula, mjomba alisafisha koo. Tulikuwa tumekaa barazani, wajomba wawili, mama wadogo, mimi, na baba kwenye kigoda karibu na mlango wake. Nasema wake kwa sababu bado nilidhani hivyo.

"Shemeji yetu tumekaa naye vizuri," mjomba alisema. "Hatuna ugomvi naye hata kidogo. Dada yetu Mungu amemwita. Sasa na shemeji akapumzike kwao. Achukue vitu vyake."

"Vitu gani?" niliuliza.

"Vinavyobebeka, mwanangu. Kitanda, jembe, randa zake. Hatuwezi kumnyang'anya mtu."

"Na mabati? Na madirisha?"

Mjomba akaitazama nyumba taratibu, kuanzia juu mpaka chini, kama anaiona leo. "Vile vilikuwa vya kwake, kweli. Lakini vimeshikwa na sementi. Kilicholiwa na sementi kimekuwa ardhi."

Hapo nikakumbuka mfuko begani mwake, na kikombe cha chai, na mikono yake miwili kichwani kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekitengea kiti dukani kwangu na sukari vijiko vitatu. Nilisimama. Nilimwambia nyumba ile nimejenga mimi, kwa jasho langu, tofali kwa tofali.

"Nani amekataa?" alisema, kwa sauti ileile ya kulaza mtoto. "Na wewe ni nani? Si umezaliwa na dada yangu? Wewe ni wetu. Nyumba ni yako. Kuna mtu amekufukuza?"

"Basi nasema baba anakaa."

"Mwulize mwenyewe."

Kila mtu akamgeukia baba. Chini ya nyumba, upande wa mfereji, kulikuwa na makinga maji aliyoyajenga kwa mawe miaka mingi, na njegere zake zilikuwa zimeshika maua. Hilo ndilo shamba mjomba alilokuwa analitaka, kila mtu pale barazani alilijua, na hakuna aliyelitaja. Baba aliangalia mikono yake.

"Mwanamume hakai kwa watu akiwa mgongoni kwa mwanawe," alisema. "Nitaondoka keshokutwa."

Nilimpigia kelele baba. Siyo mjomba, baba. Nilimwambia ni mwoga, nilimwambia tuna mabaraza, tuna serikali, tuna sheria. Mama mdogo akanivuta nguo nikae. Mjomba alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama ananihurumia.

Asubuhi yake nilimkuta baba juu ya paa na nyundo. Alikuwa ameingiza kucha za nyundo chini ya msumari mmoja wa pembeni na anaukandamiza kwa uzito wake wote. Msumari haukusogea. Bati ndilo lililoinuka likapasuka kuuzunguka msumari, kuanzia tunduni mpaka ukingoni, na sauti yake naisikia mpaka leo nikikata bati dukani kwa mkasi. Akakaa palepale juu, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Hakujaribu msumari wa pili. Hakunitazama pia, na nilikuwa chini ya ngazi. Kama angenitukana ningeshukuru.

Kilichomsalia ni ubao wa mlango. Fremu ilikuwa imekwisha kuliwa, lakini ubao wenyewe aliufunga mwaka ule kwa mikono yake, kwa bawaba zake na skrubu zake, kwa sababu fundi wangu alichelewa siku hiyo. Akashusha bisibisi. Skrubu kumi na mbili, moja baada ya nyingine, akaziweka mfukoni mwa shati. Mjomba alikuwa anapita njiani na tenga kichwani, akasimama kutazama, hakuuzuia, kwa kuwa ule ulikuwa unabebeka. Alikuwa anangoja shikamoo yake. Ilinifika kooni, kwa mazoea ya miaka hamsini, nikaimeza. Tangu siku hiyo sijamwamkia, na ndugu wanaonisema kwamba sina adabu wanasema kweli.

Baba aliteremka na mlango kichwani. Nililipa vijana wabebe kitanda na masanduku, lakini mlango alikataa wasiuguse. Ile njia ni ya mteremko mkali, na upepo ulikuwa unaushika ule ubao kama tanga la jahazi unamgeuza huku na huku, na kila ukimgeuza alisimama mpaka utulie. Nilikuwa nyuma yake na mfuko wa sufuria.

Nilitaka akae kwangu mjini. Alitazama chumba nilichomwandalia, vigae, madirisha ya vioo, dari, akasema joto, yeye aliyezaliwa kwenye joto. Siku ya nne akaenda Mlali, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, ambako hakuna mtu wa kumfukuza mpaka siku ya kiyama. Wapwa zake walimsaidia kusimamisha kijumba cha miti na udongo. Nilimpelekea mabati mapya, geji ishirini na nane, nayo aliyaegemeza kwenye mwembe yakakaa mvua nzima. Akaezeka kwa mabati chakavu aliyopewa na mpwa wake. Na hakupigilia hata msumari mmoja. Aliyalaza tu juu ya papi, zile mbao za paa, akayawekea mawe.

"Baba," nilimwambia, "hapa ni kwenu. Pigilia misumari."

"Nimezoea," alisema.

Mlango wa mninga ndio pekee ulioonekana kama kitu cha mtu mwenye akili zake. Ulikuwa mkubwa kuliko ukuta uliouzunguka.

Kule Mgeta nyumba yangu ilibaki haina mlango. Sikuweka mwingine. Nilisikia mjomba analima njegere kwenye makinga ya baba, na kwamba ameanza kuweka matenga yake ndani, ati yasinyeshewe. Nikaacha ipite masika moja. Halafu siku moja, sijui niseme nini, nilikuwa nampigia hesabu mteja mifuko kumi, nikaweka kalamu chini, nikachukua tindo mbili na nyundo ya kilo tano kutoka rafu ya dukani kwangu, nikamwita fundi yuleyule aliyenijengea. Tukapanda mlima.

Nilitoa matenga ya mjomba nje kwa mkono wangu, nikayapanga vizuri kando ya njia. Fundi akaanza kupiga sakafu pale mlangoni. Ilikuwa imekomaa sawasawa, nyundo ilikuwa inaruka. Nilisikia fahari kidogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa vipimo vilikuwa vyangu. Kelele zikamleta mjomba. Alisimama kwenye ile fremu tupu.

"Unavunja nini, mwanangu?"

"Changu."

"Nyumba nzuri kama hii?"

"Nyumba si yangu? Au kuna mtu amenifukuza?"

Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona hana la kusema, na nilifurahi, tena nilifurahi vibaya. Akakaa barazani kutazama mpaka tukamaliza. Sikuvunja nyumba. Nilichotaka ni kipande kimoja tu, kile chenye nyayo za kuku wa mama, na kilitoka kizima, kikubwa kama sinia, nikakifunga kwenye gunia.

Nilikishusha Mlali kwa lori la kabichi, nimekipakata. Njia nzima nilikuwa nimepanga. Baba atakiona, atazijua zile nyayo, atamkumbuka mama anavyocheka, na mimi hapo ndipo nitasema lile neno ambalo sijalisema. Nilikuwa na neno hilo mdomoni tangu siku ya tanga, na silijui tamko lake mpaka leo. Majuto ni mjukuu, na wa kwangu amekuwa mkubwa, anatembea.

Nilimkuta nje anakunja kamba. Nilimwamkia, akaitika. Nikafungua gunia mbele yake, nikakigeuza kipande nyayo zikae juu. Akachuchumaa. Akatazama zile nyayo sita, akaweka kidole kwenye ya kwanza, akakitoa. Nikavuta pumzi niseme.

"Umekibeba kutoka Mgeta mpaka hapa?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Akakiinua kwa mikono miwili, akakipima uzito. Akazunguka nacho nyumba mpaka upande ambao upepo huingilia, kulikokuwa na bati moja lililozidi kuinuka. Akaniambia nishike ngazi. Akapanda, akakilaza juu ya lile bati, nyayo zikiangalia chini, akakisukuma kidogo kwa kiganja kuona kama kimekaa.

"Kumbe ukivunja kinabebeka," alisema kutoka juu.

Nilikuwa nimeshika ngazi. Nikaendelea kuishika mpaka akashuka.